Kidonda kinataka mtu wa kukitazama

Mzee wa safu, shikamoo.

Mimi ni Msukuma, nina miaka 36. Nilifika mkoa huu wa Lindi nikiwa kijana, tulipohamishwa Ihefu na ng'ombe wetu. Sasa nanunua mifugo na kuuza nyama kati ya Ruangwa na Nachingwea. Huku nimeshakuwa mwenyeji, hata mikorosho nimepanda. Shida yangu ni moja: sijatahiriwa. Kwetu haikuwa desturi, na hakuna aliyeniuliza nilipokuwa mdogo. Huku mtoto wa miaka 8 ameshatoka jandoni. Miaka yote nimekuwa nikioga mtoni wenzangu wakishaondoka. Mmoja aliwahi kuniona akanitangaza kijiweni, nikaitwa msungo, nikahama kijiji.

Sasa nimepata mchumba Nachingwea. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye kauli, aliniuliza mbele ya watu kama nimekamilika. Nikasema ndiyo. Harusi ni Desemba, watu wakishauza korosho.

Kuna jamaa hapa Ruangwa ana pete ya kutahiri bila kisu. Amenionyesha kwenye simu. Anakuvisha, unaendelea na kazi zako, wiki ikiisha ngozi inadondoka yenyewe. Anataka shilingi 80,000 na anakufuata gesti usiku. Anasema pete hiyo imepimwa Kenya na Rwanda, Shirika la Afya Duniani limeikubali, na ukishaivaa Ukimwi haukupati tena. Mzee, naogopa kisu, naogopa sindano, na zaidi ya hivyo naogopa kukaa kwenye benchi la hospitali na watoto huku watu wanaonijua wakipita. Nimkubalie? Mchumba wangu hajui lolote.

Mwenye Haya, Ruangwa

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako imenifikia wiki ya kwanza ya Septemba. Nimeisoma mara tatu, na naijibu kabla ya zilizotangulia kwa sababu huyo jamaa wa gesti hatasubiri zamu yako ifike.

Usimruhusu akuguse.

Pete anayokuonyesha ipo kweli. Kwa maelezo yako inafanana na PrePex, kifaa kilichobuniwa Israel na kufanyiwa majaribio yake ya mwanzo Rwanda. Pete ngumu ya plastiki inaingizwa ndani ya govi, mpira mnene unabana kwa nje, damu inakatika, na ngozi iliyo mbele ya mpira inakufa taratibu. Siku ya kuvishwa hakuna sindano wala kisu, na mhudumu aliyefunzwa humaliza kwa dakika chache. Tarehe 31 Mei 2013 Shirika la Afya Duniani liliipitisha, ikawa pete ya kwanza ya watu wazima kupata kibali hicho. Hapo jamaa yako hajadanganya.

Ila ngozi hiyo haidondoki kama jani la mkorosho. Siku ya 7 mwanamume anarudi kituoni, mhudumu anaikata ile ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi na ngumu, kisha anaitoa pete, na wengi waliopitia hapo walisema maumivu makubwa ndiyo hayo ya kuitoa. Katikati ya wiki kuna harufu, maana ni nyama iliyokufa na bado umeibeba mwilini. Pete ikishatoka, chini yake kuna kidonda kibichi kilichouzunguka uume wote, hakina uzi hata mmoja, na kinajifunga chenyewe kwa wiki kadhaa, polepole kuliko kidonda kilichoshonwa. Kuna waliojivua pete wenyewe nyumbani baada ya kushindwa kuvumilia. Walivimba, na baadhi yao ikabidi wakimbizwe kwenye upasuaji ule ule waliokuwa wakiukimbia.

Ipo pete ya pili, ShangRing, iliyotoka China. Hii ni pete mbili, moja inakaa ndani ya nyingine, govi linabanwa katikati yake na kukatwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ganzi ni lazima na mkasi upo. Kisichokuwepo ni uzi na sindano ya kushonea. Majirani zetu wa Homa Bay, Kenya, waliijaribu kwanza kwa wanaume 40. Baadaye wanaume 400, wa Homa Bay na wa Lusaka kule Zambia, wakagawanywa: nusu pete, nusu upasuaji wa kawaida. Kwa pete kazi ilichukua kama dakika 7, kwa upasuaji kama 20. Mwaka 2015 nayo ikapata kibali. Kwa wewe unayeogopa sindano nakuongezea hili: Kenya wamejaribu pia kutumia ganzi ya kupaka badala ya ile ya kuchoma, na imefanya kazi.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye hilo neno "imepimwa", kwa sababu ndilo jamaa yako anafanyia biashara. Katika majaribio hayo hakuna mwanamume aliyevishwa pete akaachwa aende zake. Aliulizwa maswali kwanza. Alikaguliwa, na mwenye govi lililobana mbele lisilofunuka aliambiwa pete haimfai, apelekwe kwenye upasuaji. Alipimwa saizi, maana PrePex peke yake ilikuwa na saizi 5, na iliyopwaya huteleza wakati iliyobana kupita kiasi huumiza. Alionyeshwa atarudi siku gani na nani wa kumtafuta usiku akizidiwa. Alirudi siku ya 7, akarudi tena na tena mpaka kidonda kikafunga, na kila uvimbe na kila tone la usaha liliandikwa. Kando yake alikuwepo mtu anayejua kupasua, pete ikiharibika. Hayo yote kwa pamoja ndiyo yaliyopitishwa. Ukiitoa pete humo ukaipeleka gesti, ulichobaki nacho ni kipande cha plastiki.

Tena si kila pete iliyopimwa ilifaulu. Afrika Kusini, kwenye kitongoji cha Orange Farm, walijaribu kifaa kingine kiitwacho Tara KLamp. Waliopata madhara walikuwa wengi mno kuliko waliopasuliwa kawaida, na jaribio likasitishwa. Aliyekuletea picha kwenye simu anaweza kukueleza ni pete ipi kati ya hizo aliyonayo mfukoni? Ilikaa kwenye pakiti iliyofungwa, au imeshavaliwa na mwingine kabla yako?

Nikiifikiria kazi yako ndipo roho inanienda mbio. Wewe unashinda zizini. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kwenye samadi, na vinapenda mahali pasipofika hewa, kama chini ya ngozi iliyokufa ikabaki imebanwa na mpira. Kati ya 2012 na 2015 ziliripotiwa kesi za pepopunda kwa wanaume waliotahiriwa, Uganda ikiwemo. Baadhi walifariki, na hatari ilionekana kubwa zaidi kwa pete ile inayoiacha ngozi ifie mwilini. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaweka sharti kwamba asivishwe mtu pete ya namna hiyo kabla hajakingwa kwa chanjo ya pepopunda. Asiyewahi kuchanjwa apate dozi 2, zilizoachana kwa wiki 4 angalau, na baada ya hiyo ya pili upite tena muda wa wiki 2. Mama zetu na dada zetu huchomwa sindano hiyo kliniki wakiwa wajawazito. Sisi wanaume wengi tukishapita utoto hatuikumbuki tena. Wewe ulichanjwa lini? Jamaa amekuuliza?

Nikueleze kitu ambacho si kawaida yangu kukisema gazetini. Mimi nilitahiriwa kumbini, upande huu huu wa Nachingwea, kabla sijajua kuandika jina langu. Ngariba alikuwa mmoja na kisu chake kimoja, na ngoma zilipigwa kwa nguvu ili mama zetu waliokuwa mbali wasisikie. Aliyelala ubavuni mwangu alikuwa mtoto mpole, mwenye meno makubwa ya mbele. Siku ya tano nilianza kusikia harufu kutoka upande wake. Usiku alitetemeka kwa homa, akanishika mkono akaniambia nisimwambie mtu, kwa sababu tulishafundishwa kwamba ya kumbini hayasemwi na mwanamume halii. Sikusema. Nilikuwa mtoto, nikadhani ndiyo heshima. Wakubwa walipomgundua, alibebwa begani usiku kwenda kutafuta dawa, na alipona kwa shida, akabaki na kovu lililomsumbua mpaka ukubwani. Mimi nalipenda jando. Yale niliyofundishwa pale juu ya wazazi, wageni na wakwe ninayo hadi leo. Lakini kilichotaka kumuua mwenzangu kilikuwa zaidi ya kile kisu. Alikuwa na kidonda, na hakuna aliyeruhusiwa kukitazama.

Ndicho ninachokiona kwenye gesti yako. Usiku, mlango umefungwa, mtu anakuvisha pete, anapokea 80,000 yake na kuondoka. Siku ya tatu ukivimba utampigia nani? Yeye atazima simu. Wewe, kwa haya uliyonayo, utajifungia ndani na kusubiri ipungue.

Tuje kwenye Ukimwi, maana hapo amekuuzia uongo. Tohara inapunguza hatari, haiifuti. Hili lilithibitishwa kwa majaribio makubwa matatu, Orange Farm, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda. Ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa kabla ya wakati wake Desemba 2006, kwa sababu matokeo yalikuwa wazi na ilionekana si haki kuwanyima waliokuwa hawajatahiriwa. Hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke ilipungua kwa karibu 60%. Maana yake, pale ambapo wanaume 10 wasiotahiriwa wangeambukizwa, kwa waliotahiriwa wangeambukizwa kama 4. Hao 4 ni watu. Sababu ni kwamba ngozi ya ndani ya govi ni laini, huchubuka upesi, na imejaa chembe ambazo virusi huzitumia kama mlango. Ukiiondoa umeziba mlango mmoja, mingine ipo. Kondomu bado inahitajika na kipimo bado kinahitajika. Na mwanamke halindwi moja kwa moja: Rakai walichunguza pia wanaume waliokuwa tayari na virusi, na kutahiriwa kwao hakukuwakinga wake zao. Anayekutana na mwanamke kabla kidonda hakijapona anaongeza hatari, kwake na kwa mwenzake. Ndiyo sababu ya kuambiwa wiki 6 bila tendo, hata ukijiona umepona.

Kama kuna faida ya kumweleza mchumba wako, mwambie kwamba mwanamume aliyetahiriwa ana uwezekano mdogo wa kubeba virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ni yake hasa.

Sasa, uende wapi. Mpango wa taifa wa tohara ya hiari ya kitabibu ulielekezwa kwenye mikoa ambako wanaume wengi walikuwa hawajatahiriwa: Iringa, Njombe, Tabora, Kagera, na Shinyanga pia, na huko huduma ilitolewa bure. Lindi haikuwekwa mbele kwa kuwa jando lilikuwa limeshaifanya kazi hiyo. Kwa hiyo huku usitegemee kukuta hema la tohara wala foleni ya wanaume wa umri wako, lakini hospitali zinatahiri, tena wazazi wengi siku hizi humpitisha mtoto hospitali kwanza ndipo aende kumbini kufundwa. Hospitali ya wilaya ipo Ruangwa, ipo na Nachingwea. Ukiona macho ya watu yatakushinda, panda gari uende Ndanda au Nyangao ambako hakuna anayekujua kwa nyama zako. Uliza gharama mapema, na uliza wana njia ipi. Usishangae wakikwambia pete hawana. Upasuaji wa kawaida wa ganzi si ule unaouota usiku: unachomwa ganzi, unasikia kuvutwa lakini husikii kukatwa, nusu saa haiishi, na jioni umelala kwako. Kati ya huo upasuaji mikononi mwa mtu aliyesomea na pete mikononi mwa asiyejulikana, sioni hata cha kulinganisha.

Na hilo benchi la watoto, mdogo wangu, usidhani ni udhaifu wako peke yako. Utafiti uliofanyika Iringa na Njombe na kuchapishwa 2013 uliwakuta wanaume wazima wakisema maneno haya haya: wanaona aibu kuchanganywa na watoto, wanaona wakati wao umepita kwa kuwa wameshakuwa na familia. Kwa hiyo usiende siku ya foleni. Nenda mchana tulivu, mwombe mganga mfawidhi dakika mbili faragha, umwambie: "Daktari, nina miaka 36, nataka kutahiriwa, naomba unipangie siku ambayo nitakuwa na watu wazima." Ameshayasikia mengi mazito kuliko hilo. Kabla ya kukupangia watakupima presha, watakuuliza kuhusu kisukari na damu isiyoganda, na watakushauri upime VVU. Pima. Ikionekana unavyo, dawa zipo na unaanza mara moja, na harusi haijafa kwa sababu hiyo.

Hesabu ya siku unayo ya kutosha, usibabaike. Chanjo ya pepopunda anza wiki hii, na umwambie daktari waziwazi kwamba unafanya kazi na ng'ombe. Yeye ndiye atakayeamua usubiri dozi ya pili au la. Hata ukisubiri zote, wiki 4, kisha 2, kisha 6 za kupona, jumla ni 12, na Septemba hii ndiyo kwanza imeanza. Wiki ya kwanza usipande pikipiki. Barabara ile ya Ruangwa kwenda Nachingwea unaijua. Asubuhi uume ukisimama utavuta na kuuma, ni kawaida, nenda kakojoe utulie. Yasiyo ya kawaida ni damu isiyokatika ukiminya, usaha, homa, uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua, mkojo kugoma, au taya kukaza. Ukiona mojawapo, usingoje kupambazuke.

Limebaki moja, na nimelichelewesha makusudi kwa sababu ni gumu kwangu kukuambia. Kwenye barua yako nimemkuta mjomba, nimewakuta wa kijiweni, nimemkuta jamaa wa gesti. Mchumba wako nimemkuta kwenye sentensi ya mwisho, hajui lolote. Mjomba ulimdanganya, lakini aliuliza mbele ya watu swali la chumbani, na mtu akiulizwa hivyo hutafuta pa kujificha. Huyo tutamrudia. Mwambie mwanamke kwanza, mkiwa wawili, kabla hujaenda hospitali. Mwambie kwenu haikuwa desturi, kwamba umeamua, na siku uliyopangiwa. Muombe mkapime pamoja. Anaweza kukasirika, ana haki. Lakini amekulia huku, ameona kaka zake wakitoka kumbini na kanga zimetandikwa njiani, na anajua hilo jambo lina uzito gani kwa mwanamume. Sitashangaa akiwa wa kwanza kukuuliza nani atakuchemshia maji ya chumvi.

Kwa mjomba mtume mshenga, ukishapona, akaseme kwamba siku ile ulijibu kwa haya na sasa jambo limekamilika. Akiuliza kwa nini hospitali na si kumbini, mshenga amkumbushe Masasi, hapo jirani: zaidi ya miaka 100 iliyopita padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu, aliliingiza jando kanisani, wazee wakashauriana naye, likabadilika na likaendelea kuwepo. Wazee wa huku wanaijua habari hiyo.

Siku ya kwenda vaa kikoi au kaptula pana, usivae suruali ya kubana. Mafuta ya ubuyu, majivu, majani, hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu, usipake. Na ng'ombe wa wiki hiyo mpe mwenzako achinje, zizini usikanyage mpaka bandeji itoke.